Maji ya Imana

Magarama, Gitega
Jumapili, 21 Agosti 2011

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Nimeyatanguliza haya mawili ili usiikunje barua kabla hujafika mstari wa tatu, maana najua umeipokea ukiwa umekasirika, na ukikasirika huwa unavua miwani na kuipangusa kwa pindo la shati mpaka aliye mbele yako ajute kuzaliwa. Tafadhali ivae tena. Barua ni ndefu.

Hujambo, lakini? Kifua kimepoa? Damiano, alipoleta maharage yake huku, ameniambia bado unateremka bondeni alfajiri kupalilia maharage na kikohozi chako hivyo hivyo, na kwamba ukikatazwa unasema ukungu haujawahi kumuua mtu wa Gashoho. Nakuomba uvae lile koti nililokutumia, hata kama rangi yake huipendi. Na mdogo wangu Kastori anaendeleaje? Mwambie kaptula zake za shule ziko tayari, mchumba wangu Parfait amezishona kwa kukisia, na kama amerefuka tena shauri yake. Mimi ni mzima wa mwili. Tatizo langu ni kwamba siwezi kutulia. Tangu Jumatano nimetembea kutoka Magarama hadi Musinzira na kurudi mara sijui ngapi, sina ninachokifuata, mpaka wanawake wanaouza nyanya njiani wameacha kunisalimia, wananitazama tu. Barua hii nimeianza mara nne. Tatu za kwanza nimewashia mkaa.

Naandika kwa Kiswahili, si kwa Kirundi, na usidhani ni maringo. Kwanza ndiyo lugha niliyofundishwa kuandikia kule kambini Ngara tulipokuwa wakimbizi, na wewe ndiwe uliyekuwa ukinikagulia madaftari. Pili, mbeba barua ni Damiano. Kirundi angekisoma chote kabla gari halijafika Karuzi. Kiswahili cha sokoni anakijua, lakini cha kuandikwa kitamshinda ukurasa wa kwanza, na ninayotaka kukuambia leo hayamhusu Damiano wala mtu mwingine yeyote wa kilimani kwetu.

Siku hiyo ya Jumatano alinikuta dukani akanipa ujumbe wako mbele ya wateja, amesimama wima kama anayesoma tangazo la ofisi ya komine. Alisema unataka neno moja tu: naamini kwamba Mungu yupo, au siamini. Nikisema naamini, utakuja Gitega tarehe 24 Septemba, utaketi na wazee wa upande wa Parfait, utapokea mahari na kunisindikiza kanisani. Nikisema siamini, au nikikaa kimya, hutakuja, na hao wazee watafute mtu mwingine wa kumwita baba yangu. Nimeuelewa ujumbe. Sikufichi, nililia nyuma ya marobota ya vitenge mpaka Parfait akaacha cherehani yake barazani akaja kuuliza kama nimeungua na pasi. Nilipomweleza, alinishika mkono akasema kwa upole wake ule wa Bukavu: “Sema tu oui, ndiyo, Vumi, maneno iishe. Baba akuje.” Ni kijana mwema, utampenda ukimwona. Lakini siwezi kusema tu.

Ngoja nikueleze kilichotokea, maana kimekufikia kimekatwa kichwa na miguu. Unajua kwamba mwenye duka ninalouza ni Bagalwa, mjomba wake Parfait. Kila asubuhi kabla ya kufungua, Bagalwa anatukusanya mbele ya mlango, anaweka mkono juu ya kufuli, anaomba. Yeyote aliyepo anaomba naye, hata mteja, hata mpita njia aliyesimama kufunga kamba ya kiatu. Siku moja mwezi wa saba Damiano naye alikuwepo na magunia yake ya maharage. Asubuhi hiyo Bagalwa alitoa ushuhuda. Alisema gari lililokuwa likimletea mzigo kutoka Uvira lilipata pancha, likachelewa saa mbili, na gari lililotangulia likaangukia mikononi mwa majambazi. Dereva na utingo wake waliuawa. Bagalwa alisema Mungu ndiye aliyetoboa lile gurudumu ili amwokolee mali yake. Wote wakasema amina. Mimi midomo haikufunguka. Yule dereva nilimjua, Baba. Aliitwa Nazario, alikuwa akipita dukani kuniletea karanga za kukaanga kutoka Uvira kwa sababu tu nilimwambia siku moja kwamba za Gitega hazina chumvi.

Bagalwa ana macho. Akaniuliza mbele ya watu, kwa utani nusu, kama mimi simwamini Mungu. Nami nikajibu: Mungu yupi?

Ndiyo, nilisema hivyo. Damiano hakudanganya hapo. Alidanganya alipofika Gashoho na kutangaza kwamba binti wa katekista amekana. Baba, mimi nauza duka. Mteja akiingia akaniuliza kama kuna sabuni, siwezi kumwambia ipo au haipo kabla hajasema anataka ya kufulia au ya kuogea, ya kipande au ya unga. Nikisema ipo, akalipa, akapewa isiyo yake, atarudi na kelele. Kuanzia saa moja asubuhi hadi jioni kazi yangu ni kuuliza ipi, gani, yupi. Basi neno likanitoka lenyewe, kwa sauti ile ile ya dukani. Bagalwa alicheka akapiga makofi: “Yupi? Kwani we unajua ngapi? Mungu iko mumoja, mama, mumoja tu!” Kisha akanipa funguo nifungue mlango kama kawaida. Aliyekasirika ni wewe, ambaye hukuwepo.

Lakini neno hilo, ingawa lilinitoka bila kufikiri, halijaniacha tangu hapo. Nimekwenda nalo misa, nimekwenda nalo sokoni. Na nikajiuliza, kwani ni kosa gani? Kule kambini, chini ya turubai la kanisa, sisi watoto tumekaa kwenye matofali, swali la kwanza ulilotufundisha halikuwa kama tunaamini. Lilikuwa: Mungu ni nani? Tukishindwa kulijibu hukutupeleka kwenye la pili. Salama, binti wa jirani yetu, alikaa kwenye swali hilo majuma matatu. Sasa mimi mkubwa unaniruka moja kwa moja mpaka kwenye kuamini, na unataka neno moja! Nirudishe kwenye swali la kwanza, Baba. Sina kiburi, nakuomba tu.

Maana akiwa Mungu ni yule wa pancha, anayetoboa gurudumu la huyu na kuliacha zima la yule, basi jibu langu ni kwamba simwamini, na nitakuambia hivyo hata mbele ya askofu. Lakini nimefanya kazi kwa Bagalwa miaka miwili, na najua jambo ambalo halitolei ushuhuda. Kila mwisho wa juma anamjazia mjane wa Nazario unga, mafuta na chumvi, mimi ndiye ninayepima, na ameniapisha nisimwambie mtu. Akiwa Mungu ni hicho kinachomfanya mzee yule mbahili, anayenigombeza nikikata uzi mrefu, apime unga wa mjane kwa kopo lililojaa mpaka linamwagika, basi hapo sijui. Hapo naweza kusema ndiyo. Unaona? Mtu ni yule yule, jina analotaja ni lile lile, na mimi nina majibu mawili.

Na kuna Mungu wako. Yeye ndiye anayenikosesha usingizi.

Mwaka huu sikuja kwenye misa ya kumbukumbu ya mama. Nilikupigia simu nikasema tunahesabu mzigo dukani. Haikuwa kweli. Duka lilifungwa tarehe 15 ya mwezi huu kwa sababu ya sikukuu ya Bikira Maria, na mimi nilishinda kitandani nimejifunika uso. Nilishindwa kuja kwa sababu najua ungesimama baada ya misa, kama kila mwaka, na kuwasimulia watu habari ya maji. Siwezi kuisikia tena. Nitaisimulia mimi leo, kisha nitakuambia kwa nini.

Unasimulia kwamba mama yetu Josefina hakuacha desturi ya mabibi zetu hata ukimbizini. Kila jioni kabla ya kulala alibakiza maji kwa ajili ya Imana, ndiye Mungu kwa Kirundi chetu, ili akipita usiku apate ya kukandia udongo na kumfinyangia mtoto tumboni. Watoto wawili aliwapoteza njiani wakati wa kukimbia, na alitaka wengine. Kambini hatukuwa na mtungi, basi akayatia kwenye kikombe cha bati cha kijani, akakiweka juu ya jiwe karibu na madumu. Unasimulia kwamba asubuhi moja kikombe kilikutwa kitupu, kikavu, na kwamba mwaka haukuisha Kastori akazaliwa. Na tangu hapo, siku moja moja, maji yaliondoka, na mama alijua kwamba tumetembelewa.

Kisha unafika mwaka 2005. Amani imetangazwa, misafara inarudi kupitia Kobero, jirani zetu wanaondoka kila juma. Mama ana mimba ya miezi saba. Wewe ulitaka tusubiri ajifungue kwanza, kwa sababu kambini mkunga alikuwa hatua mia mbili kutoka mlangoni, na Gashoho hatukujua tutakuta nini. Mama alitaka mtoto azaliwe kwetu. Mkabishana siku nyingi. Mwisho mkakubaliana kumwachia Imana: mama ataweka kikombe jioni tatu mfululizo, na maji yakiondoka asubuhi zote tatu, tutajiandikisha kwenye msafara. Yakaondoka asubuhi zote tatu. Wewe ukapiga magoti mbele ya jiwe lile, ukaenda kuandikisha majina yetu.

Tulifika. Wiki ya pili mama alishikwa na uchungu kabla ya wakati, mvua isiyo ya msimu inanyesha, hakuna gari, mkabeba machela kuteremka kilima, na hakufika popote. Yeye na mtoto. Hapo ndipo unapowaambia watu, na sauti yako haitikisiki, kwamba huna lawama, kwa sababu Mungu mwenyewe alikunywa maji yetu siku tatu akatuita nyumbani, na aliyemwita Josefina alijua anamwitia nini. Watu wanalia. Mama Efrazia wa kwaya huanza wimbo. Na mimi nasimama pale nyuma kila mwaka, nimeuma ulimi.

Baba, mimi ndiye niliyekunywa.

Nimeyaandika. Nilitoka nje nikazunguka nyumba, nimerudi, bado yapo kwenye karatasi.

Mara ya kwanza nilikuwa na miaka tisa. Mimi ndiye niliyekuwa nikiamshwa kwenda kupanga foleni bombani kabla hakujapambazuka, unakumbuka, na siku hiyo niliamka na kiu, gizagiza, nikapapasa nikapata kikombe nikanywa. Sikuwaza Imana wala nani. Niliporudi na dumu kichwani nilimkuta mama ameshika kikombe kwa mikono miwili, analia na kucheka, na wewe uko kando yake, na majirani wamejaa mlangoni. Sijawahi kumwona na furaha namna ile, tangu tulipokimbia hata mara moja. Ningesemaje? Mtoto wa miaka tisa anawaambiaje wazazi wake kwamba Mungu wao ni yeye? Nilitua dumu nikanyamaza. Na mama alipoanza kuinama tena, zile siku zake za kukaa tu akitazama turubai, nilikunywa tena makusudi, ili nimwone akicheka. Miaka sita, Baba. Siku moja moja.

Zile asubuhi tatu sikunywa kwa ajili ya kumfurahisha. Hili ndilo baya zaidi, nivumilie. Nilikunywa kwa sababu nilitaka kurudi. Nilikuwa na miaka kumi na mitano, nimechoka na foleni, wenzangu wameondoka, na mama alikuwa amenisimulia mparachichi wa nyuma ya nyumba mpaka nikawa nauota. Nilijua mmeweka nini juu ya kikombe kile. Nilikusikia ukimtaja mkunga. Nikanywa. Wewe ulikuwa sahihi, na mimi nilikushinda kwa jina la Mungu, na mama akafa.

Basi ukiniuliza kama naamini, unaelewa sasa kwa nini nauliza yupi? Kama ni yule aliyekunywa maji siku tatu, huyo namjua kuliko unavyomjua. Miguu yake ilikuwa na magaga na alikuwa mwoga. Simwamini, na nakuomba na wewe usimsimulie tena, kwa sababu kila ukimsifu unanisifu mimi kwa kumuua mama yangu.

Lakini kuna jambo moja ambalo sijamwambia hata Parfait, na ndilo linalonitembeza barabarani. Jioni ya tatu mama hakuweka kikombe juu ya jiwe. Nilidhani ameghairi. Alikuja nacho mpaka kwenye mkeka wangu, akakiweka karibu na kichwa changu, akakifunika kwa sahani vumbi lisiingie. Nilijifanya nimelala. Alinitengenezea shuka, akakaa kidogo, akaondoka. Asubuhi nilipokinywa, kabla sijakirudisha juu ya jiwe, kilikuwa kimejaa mpaka ukingoni, si nusu kama siku zote.

Alijua? Miaka sita nimeligeuza swali hilo. Kama alijua siku ile ya tatu tu, basi aliniachia mimi niamue, na sijui nitabebaje hilo. Lakini kama alijua tangu mwanzo, tangu asubuhi ile aliyolia na kucheka, basi kila jioni alipobakiza maji, katika kambi ambayo maji yalipimwa kwa familia, alikuwa akimbakizia mtoto wake anayeamka gizani na kiu. Na aliita kufanya hivyo kumwachia Imana. Basi Mungu wake hakuwa wako, wala hakuwa wa Bagalwa, na mimi sijawahi kufundishwa jina lake kwenye swali la kwanza wala la mwisho. Huyo ningependa sana kumwamini. Sithubutu, kwa sababu sijui kama alikuwepo au namtengeneza mwenyewe ili nipate kulala.

Wewe ulilala karibu naye miaka ishirini. Aliwahi kukuambia? Aliwahi hata kutabasamu, wewe ukipiga magoti mbele ya jiwe? Kumbuka vizuri. Sikuulizi kama unaamini. Nakuuliza mama alikuwa akimwachia nani maji, na ukinijibu hilo, nami nitakujibu swali lako kwa neno moja kama ulivyotaka, lolote litakalokuwa.

Najua huenda usitake kuniona tena. Ukiamua hivyo sitakulaumu, nitamwambia Parfait ukweli na yeye ataamua lake. Ila usimwache Kastori akalisikia hili kwa Damiano au kwa mtu mwingine. Mwambie wewe, taratibu, siku ambayo hamna kazi.

Nisalimie Mama Efrazia na kwaya yote. Nisalimie mparachichi. Parfait anakuamkia kwa heshima, anauliza vipimo vya mabega yako, maana amekwisha kukata kitambaa cha suti na nimeshindwa kumzuia. Bagalwa naye anakusalimu. Anasema mzee wa Gashoho akifika, siku hiyo mgeni ndiye atakayeishika kufuli na kuomba.

Ndani ya mfuko wenye kaptula za Kastori, atakaokupa Damiano, utakuta kikombe cha bati cha kijani, nimekifunga kwa kitambaa. Nilikichukua siku tuliyomzika mama, mkadhani kimepotea. Kimebabuka rangi lakini hakivuji. Kiweke nyumbani. Na kama tarehe 23 Septemba jioni utaamua kuja kulala Gitega, njoo nacho, kwa sababu siku hiyo nitaamka mapema na nitakuwa na kiu.

Ni mimi binti yako,
Vumilia